Sauti Yangu mu Somo ya Makosa

Mama Germaine, jirani yetu hapa Kasungami, anasema alisikia na masikio yake mwenyewe. Alikuwa alienda ku Bel-Air kusalimia shemeji yake, na kule akakuta bamama banakaa mu kiwanja, telefone iko juu ya kiti katikati yabo, sauti juu kabisa. Anasema mu ile telefone mulikuwa mwanamuke analia. Analia, anaita mama yake, anasema mikono inawaka. Kisha sauti ingine ikaingia, sauti ya muntu mwenye alisoma, ikasema: «Bamama, mulisikia? Musifanye sawa huyu dada.» Na bamama bote bakacheka. Mama Germaine anasema huyu dada alipelekwa ku hospitali, bakamukata bidole, akabakia na gumba tu, bwana yake akamufukuza, na sasa anaombaomba ku mulango ya kanisa. Na huyu dada, anasema, ni mimi.

Alikuja kunieleza hiyo asubuhi, mbele ya kunisalimia. Nilikuwa ninapanga sabuni zangu juu ya mbao, pale nje, ziendelee kukauka. Aliangalia mikono yangu kwanza, akaizungukia sawa muntu anachagua nyanya ku soko.

— Eh! Biliota tena?

— Nini ilirudi kuota, Mama Germaine?

— Bidole.

— Habakunikata bidole. Na bwana ya kunifukuza, sina.

— Miye ninasema vile nilisikia. Kama balikudanganyia, enda ugombane nabo. Lakini sauti ni yako. Kila siku ninakusikia unaita kuku hapa, nitakosa kuijua?

Nilitaka kucheka. Mama Germaine, muntu akijikwaa mu njia, yeye atakueleza mazishi yake. Lakini alipokuwa anageuka kwenda, akaongeza neno moja. Alisema: «Na vile ulikuwa unalia! Ya Edith, usiniache, Ya Edith, usiniache. Nilisikia huruma, kweli.»

Nikaweka sabuni chini. Juu ile neno, Mama Germaine hawezi kuitunga. Nililisema mara moja, na kwa muntu mumoja tu.

Ya Edith ni mutoto ya mama mukubwa, ile dada ya mama yangu, basi ni yaya yangu, dada mukubwa; «Ya» ni ile neno kwa kifupi. Babu yetu ni mumoja, alishuka kutoka kaskazini kufanya kazi ya reli, na sisi bajukuu tulikulia mu nyumba moja mpaka kila muntu akaenda upande yake. Mimi niliacha masomo ku mwaka ya sita. Yeye akaendelea mpaka iniversite. Hakunizarau hata siku moja. Vile mama yangu alikufa, ni yeye alikuja kulala na mimi mu kitanda moja, juu niliogopa kulala peke yangu. Ninaandika hiyo juu ni kweli, na juu inafanya ingine yote iumize zaidi.

Kazi yake iko kutengeneza masomo ya ku telefone. Zamani sikujua kama ile nayo ni kazi. Nilizani muntu mwenye anajua kintu anakieleza, mwenye hajui anasikia, basi, kwisha. Siku moja nikamwambia vile. Akacheka, akanivuta tuikale chini.

— Sikia, mudogo yangu. Mwalimu mu darasa anaona macho ya batoto. Anajua nani analala, nani anajidai kuelewa. Mimi sioni muntu. Mama ananisikiliza pale anasonga bukari, mutoto iko mugongoni, mega ya telefone inaisha. Akipotea nafasi moja tu, anazima. Na sitajua alipotelea wapi.

— Utafanya nini basi?

— Nitatafuta muntu apotee mbele yangu. Muntu wa kweli, mwenye hataona haya kusema «hapa sielewi». Kama yeye anaelewa, bote bataelewa. Ninakutaka wewe.

Hakuna muntu alikuwa alishaniambia kama kutoelewa kwangu kunaweza kusaidia. Nikakubali mbele hajamaliza kusema.

Ile formasio ilikuwa ya kufundisha bamama kutengeneza sabuni na mafuta ya ngazi, ile ya mawese. Association moja ndiyo ilimupa kazi, na mukubwa kule anaitwa Musieur Rigobert. Masomo yote itapita ku vokali, ndiyo vile tunaita sauti zenye bantu banatumiana ku telefone, na picha kidogo. Tukaanza. Yeye anaweka vokali, mimi ninasikiliza, na nikipotea ninainua mukono sawa ku masomo.

Ile ya kwanza ilikuwa ndefu sawa misa ya Pasaka.

— Ulipotea wapi? akaniuliza.

— Sikupotea. Nililala.

— Chancelvie! Ulilala wapi?

— Pale ulianza kueleza nani alivumbua sabuni. Mimi ninataka kufua nguo, Ya Edith, sitaki kumujua.

Akacheka mpaka machozi, na akatosha ile sehemu yote, ikaondoka. Ndiyo vile tulifanya. Nikisema picha ya kuchora haifanani na kintu yoyote, anakuja na telefone anapiga picha ya mikono yangu ikishika beseni. Nikisema maneno yanatembea mbio, anarudia polepole, na anaacha kimya kidogo ili muntu aende kutafuta kikombe na arudi. Ku mwisho ya kila somo akaweka swali, na jibu yake haikuwa «ndiyo» ao «hapana»: mama anatuma picha ya kazi yake, juu neno «nilielewa», Ya Edith alisema, muntu anaweza kulitupa tu ili umuache. Na alikuwa na sheria moja alipenda kuliko zote: somo moja, kintu moja. Nikileta mawazo mbili, anainua kidole: «Somo moja, mudogo yangu. Kintu moja.»

Halafu aliniahidi. Alisema formasio inaomba sauti ya kupokea bantu ku mulango, na ile sauti itakuwa yangu, juu bamama bakisikia mwenzabo, habataogopa. Tulirekodi. «Karibuni, bamama. Mimi ni Chancelvie ya Kasungami. Nilianza bila kujua kintu, na sasa ninajua.» Nilikuwa ninajizoeza kuisema pale ninafagia, pale ninaosha sahani, mpaka kuku zilikuwa zinaijua.

Kisha akasema sasa nitengeneze peke yangu.

— Sitakuja. Nikiwa pembeni yako, hatutajua kama ni somo linakufundisha ao ni macho yangu.

Nikafanya. Somo ilisema: soda kikombe moja. Ile soda ya sabuni iko kali, inakula ngozi, na hiyo somo ilieleza vizuri. Nikafunga mikono na sashe za plastiki, nikaweka soda mu maji, sikuweka maji mu soda. Bintu yote nilifuata. Nikachota soda, nikajaza kikombe. Na pale kijiko ikaenda tena yenyewe, ikaongeza mulima kidogo juu. Sikuwaza. Hapa kwetu, mama mwenye anauzisha bunga anajaza meka, ile kopo ya kupimia, mpaka inasimama, kisha anatia mukono tena mu mufuko, anakuongezea. Ile ndiyo mbasela. Mwenye hatii mbasela, hatumurudilii. Tangu ninajua kutembea, sijaona muntu anapima kintu bila kutia mbasela. Sasa ni mimi ninapima, na ninajipimia mwenyewe, nitajinyima?

Sabuni ilitoka muzuri kwa macho. Ilikauka, ikawa ngumu, na unga nyeupe kidogo juu, nikazani ni urembo. Siku nilifua nayo, nguo ilikuwa nyingi. Mbele nimalize, mikono ilianza kuwasha, kisha kuwaka, na ngozi ikafunguka kati ya bidole. Nilikuwa peke yangu. Nilishika telefone na kiwiko, nikatuma vokali. Nililia mule sawa mutoto. Niliita mama yangu, mwenye alishakufa. Nikasema: Ya Edith, usiniache.

Hakuniacha. Alikuja mbio, na viatu za kazi, hata mufuko yake ilibakia wazi. Aliniosha mikono na maji mingi, muda murefu, kisha akanipeleka ku santé, kituo ya afya, bakanifunga. Jioni akapika, akanilisha bukari na mukono yake mwenyewe, anafinyanga matonge madogo, anachovya mu sombe, majani ya muhogo, ananiwekea mu kinywa. Nilifunga macho. Nilikuwa ninafikiri: ona, mama aliniachia muntu.

Vile tulimaliza kula, akakaa mbele yangu ku meza. Telefone yake ilikuwa imelala pale, uso chini.

— Sasa nieleze. Ulipima namna gani?

Sikuweza kushika, nikamwonyesha yeye achote bunga mu kikombe, mimi ninamuongoza.

— Jaza. Mmm. Sasa weka tena.

— Niweke tena nini? Ilishajaa.

— Mbasela.

Ya Edith akasimamisha kijiko hewani.

— Mbasela ya soda?

— Mbasela ni mbasela.

— Chancelvie, nani alikuambia uongeze?

— Na nani aliniambia nisiongeze?

Tukaangaliana, na tukaanza kucheka, yeye analala juu ya meza, mimi na mikono yangu ya bandeji juu hewani sawa muntu anaomba. Alisema pole, ni kosa yake, alitengeneza somo kwa bantu ya ku vitabu. Kisha akasema: nieleze tena, polepole, uliwaza nini, ulisikia nini mu moyo. Nikamweleza yote. Nikasema niliogopa mikono itakufa na sitafanya kazi tena. Nikasema mama yangu niliyemwita nilimuona kabisa pale ku mulango. Akaniuliza, nikajibu, akaniuliza, nikajibu. Nilizani tunaongea.

Kisha akapata dawa ya ile kosa: ukishajaza kikombe, unapitisha mugongo ya kisu juu, inalingana, ile ya juu inarudi mu sashe. Vile mikono ilipona nikatengeneza tena, na mugongo ya kisu. Sabuni ikatoka laini, inapenda ngozi. Nikaanza kuuzisha hapa ku mulango. Mama Kalenga, mwenye iko na batoto mapacha, alikuwa anachukua yangu tu, anasema ile ya ku duka inafanya batoto bajikune. Hiyo ndiyo kazi yangu. Sina ingine, na sikuitafuta ingine, juu hii niliipenda. Ninaweka jina yangu juu ya kila kipande na ncha ya msumari.

Formasio ilianza kutembea mu magrupe ya bamama. Mimi, Ya Edith hakunitia mule. Alisema, wewe ulishamaliza, utafanya nini ku darasa ya kwanza? Niliona iko na haki.

Basi, ile siku ya Mama Germaine, nilienda ku bomba kuchota maji, nikawaza nitamukuta Exaucée, mutoto ya nyumba ya tatu, juu mama yake iko mu grupe moja ya formasio. Mbele nimuulize, basichana benye balikuwa ku foleni balishaanza.

— Dada Mbasela!

— Dada Mbasela, unijazie bidon, kisha uniongezee bidole juu!

— Musimucheke, atalia. Ya Edith, usiniache!

Ile ya mwisho, musichana moja aliifanya na sauti yangu. Alijua kuifanya, na ile kuvuta pua yangu mule kati. Muntu hawezi kuiga vile kama alisikia mara moja. Alisikia mara mingi.

Exaucée peke yake hakucheka. Akanivuta pembeni, akafungua telefone ya mama yake, akasema: «Ni somo ya tatu. Ninafikiri ulikuwa unajua.»

Nilisikiliza nikisimama, bidon tupu ku mukono. Kwanza nikaomba aweke somo ya kwanza, nisikie mulango, ile salamu. Mulango ilikuwa sauti ya Ya Edith. «Karibuni, bamama.» Maneno yangu, mu kinywa yake. Kisha somo ya tatu. Ya Edith anasema: leo tutasikia dada moja alipima vibaya. Na pale ninaanza kulia. Vokali yote, aliiacha yote, haikukatwa hata pale ninakosa pumzi. Kisha meza. Kijiko, bunga, «mbasela ni mbasela», kicheko yetu mbili. Nilikuwa ninajua ile kicheko kama kintu yangu na yake. Kisha nikasikia nikieleza mama yangu ku mulango, na nyuma yake Ya Edith akirudi na ile sauti ya kazi: «Bamama, mulisikia? Musifanye sawa huyu dada. Chukueni kisu.» Na mwisho.

Hakusema jina yangu. Lakini hapa Kasungami nani anaomba jina?

Mama Kalenga alikuja kesho yake. Hakuja kunigombeza, ingekuwa heri. Alileta vipande vyangu mu kitambaa safi, alivifunga vizuri.

— Mama, unisamehe. Ngozi ya batoto iko laini.

— Lakini hii ulifulia batoto tangu mbele ya mvua ianze. Ilibaunguza?

— Hapana, haikubaunguza.

— Basi?

— Nilisikia vile ulilia, Chancelvie. Sasa nikiigusa, ninasikia ile kilio.

Nikapokea kile kitambaa. Baada yake na bengine bakaacha. Banapita, banasalimia, banaangalia mbao, banaenda.

Nikaenda ku Bel-Air. Ya Edith alikuwa mu saloni ya nyumba yake, ordinatere, ile kompyuta ya kazi, mbele yake, kasike ku masikio. Aliponiona alisimama kwa furaha, na ile furaha haikuwa ya uongo. Hiyo ndiyo ilinimaliza.

— Mudogo yangu! Ulikula?

— Tosha sauti yangu mu ile somo.

Akatosha kasike.

— Nani alikuambia?

— Basichana ku bomba. Banajua kuilia kunipita.

— Chancelvie, ikala chini.

— Sitaikala. Itoshe.

Akavuta kiti yangu hata hivyo. Akaanza kunieleza, na alieleza vizuri sana, kazi yake ni kueleza. Alisema ku grupe ya kwanza aliweka somo ya tatu bila mimi. Yeye tu, na kisu, na «musiongeze kintu juu». Bamama balisikia, balisema ndiyo, na picha zilipokuja, kila kikombe ilikuwa na mulima. Bengine baliacha kusikiliza katikati. Sasa, na sauti yangu, hakuna mwenye anazima. Banarudilia. Banaita bashemeji babo baje kusikia. Na picha zinakuja, kikombe zote zinalingana.

— Hakuna mama hata mumoja aliungua, unaelewa? Ni juu yako. Muntu haamini «usifanye». Anaamini kilio.

Nilimuangalia. Nilijua hasemi uongo. Nilikuwa nimekaa ku masomo yake siku mingi, ninajua namna anatafuta pale muntu anapotelea. Ile nafasi aliipata. Ilikuwa mimi.

— Ungeniomba.

— Ungekataa.

— Ndiyo, ningekataa.

— Unaona?

— Miye ninaona. Wewe nawe ulijua.

Akageuza macho ku dirisha. Nikamuuliza ile salamu yangu ilienda wapi, ile ya mulango. Akasema pole, ni Musieur Rigobert. Alisema sauti ya kupokea bantu inafaa kuwa ya muntu mwenye alisoma, ndiyo bataheshimu formasio.

— Na ile ya kulia, Musieur Rigobert hakuomba diplome?

Alishika mikono yangu, akaigeuza, akaangalia pale kati ya bidole, pale ngozi ingali na rangi ingine. Aliniuliza kama inaniuma bado wakati ya baridi. Nilitaka kuvuta mikono na sikuivuta. Kisha nikauliza ile ingine:

— Ile jioni ku meza. Telefone ilikuwa inarekodi tangu saa gani? Tangu uliniuliza ao tangu unanilisha?

— Chancelvie.

— Ninauliza tu.

— Tangu tulianza kula, akasema. Sikutaka kukukatiza.

Nilirudi ku nyumba. Sabuni sikutengeneza tena. Zile zilikuwa juu ya mbao niliziingiza ndani, na jina yangu juu yake niliigeuza chini, hata kama hakuna muntu wa kuiona mule.

Yeye ndiye alikuja, siku ya Mungu kisha misa. Alivaa kitenge, alileta mikate ya moto mu karatasi, akasalimia Mama Germaine juu ya luba ya kugawanya viwanja, akamuuliza mugongo yake. Mama Germaine akamujibu muzuri sana, kisha akachukua ufagio, akaanza kufagia pale alikuwa alishafagia.

Ya Edith akaikala ku mbao yangu tupu. Alikuwa na habari. Formasio ilipendeza, inataka kwenda mbali, upande ya Kinsevere, mu bijiji ya karibu na mine, kule banachimba, kwa bamama mingi. Kisha ku miji ingine. Alisema hiyo na macho inawaka, na mukono juu ya goti yangu.

— Muzuri, nikasema.

— Lakini kuna kintu. Bale benye banatoa msaada bananiuliza: huyu dada analia, alitoa ruhusa? Banataka kuisikia na sauti yake mwenyewe. Bila ile, somo ya tatu itatoshwa.

— Itoshwe.

— Na bamama ya kule?

Nilianza kubaona, sikutaka lakini nikabaona. Mama moja kule, kikombe ku mukono, soda imesimama sawa mulima, na batoto banaoga na ile sabuni.

— Basi ongeza, nikasema. Ku mwisho. Sema huyu dada alirudilia, alipima na kisu, na sabuni yake iko muzuri, na batoto ya Kasungami banaoga nayo. Sema jina yangu pale. Ukiongeza ile, nitasema yote unataka.

Niliona anawaza. Kweli aliwaza. Kidole yake ilianza kupanda juu, ile kidole yake ya «kintu moja», na akairudisha chini mbele haijafika.

— Itakuwa ndefu, akasema na sauti ya chini. Somo ya makosa inaishia ku kosa. Nikiweka pale kama ilitengenezeka, woga yabo inaisha, banaanza tena kuongeza. Nilishaijaribu, Chancelvie. Usizani sikuijaribu. Ile yako muzuri inaweza kupata somo yake siku ingine.

— Siku gani?

— Siku ingine.

Ufagio ya Mama Germaine ikasimama.

Ya Edith akatosha telefone mu mufuko, akaiweka kati yetu juu ya mbao, mara hii uso juu. Akagusa. Namba ndogo nyekundu ya kurekodi ikaanza kutembea.

— Sema tu hivi: mimi naitwa Chancelvie, na nilikubali tangu mwanzo.

— Tangu mwanzo?

— Banaomba vile. Ni maneno tu.

Niliangalia ile namba. Mu ile telefone sasa muliingia kuku, muliingia gari inapita ku njia kubwa, muliingia pumzi yangu. Nikisema ndiyo, basi hata ile jioni, matonge madogo, sombe, kicheko, yote ilikuwa na ruhusa, yote ilikuwa kazi, na mimi nilijua. Nikisema hapana, kuna mama kule, kikombe ku mukono.

Ya Edith akasogea. Akaongea karibu na sikio yangu, polepole, na akaacha kimya kidogo katikati, vile tulijifunza kuacha ili muntu apate wakati.

— Mudogo yangu. Ni mimi ninakuomba.

Namba iliendelea kutembea.